Mbwa na paka wamejaa kituoni: hatua za kuchukua ukiwa nyumbani

Kituo cha kuhifadhi wanyama hujaa kwa hesabu nyepesi. Chukua idadi ya wanyama wanaoingia kwa siku, zidisha kwa siku ambazo kila mmoja hukaa pale kabla ya kupata mwenyewe. Wakiingia 5 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 20, ndani watakuwamo 100 wakati wote. Siku za kukaa zikifika 30, watakuwa 150, ingawa wanaoingia ni wale wale 5. Kama mabanda ni 100, hao 50 wa ziada watabanwa wawili wawili au watawekwa kwenye vizimba koridoni. Hapo ndipo parvo ya mbwa (virusi vinavyoleta kutapika na kuharisha vikali) na mafua ya paka hupita kwa kasi kutoka banda hadi banda. Mnyama anayeumwa hachukuliwi na mtu, kwa hiyo siku zake zinaongezeka, na msongamano unazaa msongamano.

Kituo hakina uwezo wa kuzuia wanyama wasizaliwe, na hakiwezi kumlazimisha mtu aje kuwachukua. Hayo yote mawili yako mikononi mwa sisi tunaofuga, tunaolisha paka wa mtaani, na tunaookota watoto wa mbwa kando ya barabara. Hatua zilizo hapa chini ama zinapunguza wanaoingia, ama zinafupisha siku za kukaa.

Zuia uzao wa kwanza

Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 65 hivi, ya mbwa karibu 63. Paka jike anaweza kuingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, akiwa na miezi 4 tu, wakati mwenyewe bado anamwona mtoto, na anaweza kushika mimba nyingine hali bado ananyonyesha. Zipo hesabu zinazosambazwa kwamba paka mmoja na kizazi chake hufikia mamia ya maelfu ndani ya miaka 7. Usizitumie, maana zinachukulia kuwa hakuna mtoto anayekufa. Hesabu ya kweli inatisha vya kutosha: jike akizaa mara 2 kwa mwaka, watoto 4 kila mara, nusu wakapona, ni paka 4 wapya wa kutafutiwa nyumba. Majike kati yao wataanza kuzaa kabla hawajatimiza mwaka. Karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, paka hawana msimu wa kupumzika. Huzaa mwaka mzima.

1. Panga miadi na daktari wa mifugo mapema. Paka, dume kwa jike, wahasiwe kabla ya kutimiza miezi 5. Kwa mbwa wadogo, miezi 6 hivi inatosha. Mbwa wa mbegu kubwa wanaweza kushauriwa kusubiri mwaka au zaidi ili mifupa na viungo vikomae, na kusubiri huko kunahitaji uzio wa kweli na mlango unaofungwa.

2. Watenganishe ndugu. Mimba nyingi za "sijui zimetokea wapi" ni za kaka na dada wa uzao mmoja waliolelewa pamoja, au za mama na mtoto wake wa kiume. Wanyama hawana mwiko wa undugu. Watoto wakifika miezi 4, dume asilale chumba kimoja na jike yeyote ambaye hajafungwa kizazi.

3. Jifunze kulitambua joto. Paka hatoi damu: hulia usiku kucha, hujigaragaza sakafuni, huinua nyonga na kuusogeza mkia pembeni. Mbwa hutoa damu, na kipindi chote huchukua wiki 3 hivi. Kosa kubwa hufanyika hapa. Mwenye mbwa huona damu imepungua, akadhani hatari imepita, akamfungulia. Kumbe damu inapopauka na kuwa kama maji ya nyama iliyooshwa, mara nyingi karibu na siku ya 9 na kuendelea, ndipo jike anapokubali dume na kushika mimba. Mfungie wiki 3 kamili, na umtoe nje kwa kamba tu.

4. Mweleze daktari hali aliyonayo. Mbwa aliye kwenye joto kwa kawaida husubirishwa miezi 2 au 3, kwa sababu mishipa ya kizazi imevimba na damu itatoka nyingi. Paka hufanyiwa hata akiwa kwenye joto, kwani ukisubiri, joto linarudi baada ya wiki 2 au 3 na hutapata nafasi. Anayenyonyesha asubiri watoto waache ziwa, kisha wiki 2 hivi maziwa yakauke. Wiki hizo zote abaki ndani.

Huenda ukaambiwa jike aachwe azae mara moja kwanza kwa ajili ya afya yake. Si kweli. Jike aliyefungwa kizazi mapema ana hatari ndogo zaidi ya uvimbe wa saratani kwenye chuchu, na hawezi tena kupata usaha ndani ya mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua majike wengi wa umri mkubwa. Sindano na vidonge vya kuzuia joto vinaonekana rahisi, lakini vikitumiwa mara kwa mara huchangia ugonjwa huo huo wa usaha na uvimbe wa chuchu. Si mbadala wa upasuaji.

Unene wanaousema watu unatokana na bakuli. Baada ya kuhasiwa, mahitaji ya chakula hupungua kwa karibu robo. Punguza kipimo, kisha mpapase mbavu kila mwezi: zinapaswa kuhisika chini ya vidole bila kubonyeza sana.

Siku ya upasuaji na siku 14 zinazofuata

Mnyama mzima asile kuanzia saa 4 usiku wa kuamkia upasuaji. Maji abaki nayo mpaka asubuhi. Akila, anaweza kutapika akiwa kwenye nusukaputi na matapishi yakaingia mapafuni. Watoto wa chini ya miezi 4 hawafungi hivyo, kwa sababu sukari yao hushuka haraka na huchelewa kuzinduka. Muulize daktari saa ya mlo wao mdogo wa asubuhi.

Akirudi nyumbani, mlaze sakafuni juu ya blanketi kavu, mbali na ngazi, kochi na watoto wanaotaka kumbeba. Mwili uliotoka kwenye nusukaputi hupoteza joto, kwa hiyo mfunike. Jioni mpe robo ya chakula chake cha kawaida. Kikitulia tumboni, mwongeze kesho.

Kisha mwangalie mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, kwa utaratibu huu. Inua mdomo wa juu utazame fizi: ziwe na rangi ya waridi, isipokuwa kama ni nyeusi kwa asili. Bonyeza kwa kidole hadi papauke, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe, tumbo linalovimba, au mnyama asiyeweza kusimama siku ya pili, maana yake huenda anavuja damu kwa ndani. Mrudishe saa hiyo hiyo. Halafu tazama mshono: uvimbe mdogo mgumu ni kawaida, lakini usaha, harufu mbaya au ngozi iliyoachana si kawaida.

Mvalishe koni ya plastiki shingoni kwa siku 10 hadi 14, mpaka nyuzi zitoke. Watu humvua siku ya tatu kwa kumwonea huruma, na usiku mmoja wa kulamba unatosha kuufumua mshono wote. Usimwogeshe. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu kwa hali yoyote: kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka, na ibuprofen ni sumu kwa paka na mbwa. Atumie dawa aliyopewa na daktari wake peke yake.

Kwa dume kuna jambo la nyongeza ambalo wengi hawaambiwi. Mbegu zilizobaki kwenye mirija huendelea kuwa hai kwa muda baada ya korodani kutolewa. Mweke mbali na majike wasiofungwa kizazi kwa wiki 4 hadi 6.

Aliyepotea asihesabiwe kuwa hana mwenyewe

Mbwa akiingia kituoni bila alama yoyote, analala pale siku zote za kungojwa, kisha anaanza foleni ya kutafutiwa nyumba nyingine, hali mwenyewe anamtafuta mtaa wa pili. Mkanda wenye namba ya simu unaosomeka unalimaliza tatizo kwa saa chache. Uache nafasi ya vidole 2 kati ya mkanda na shingo. Kwa paka, chagua unaofunguka wenyewe ukinasa kwenye tawi. Ongeza chipu chini ya ngozi katikati ya mabega: ni ndogo kama punje ya mchele na hubeba namba, kwa kawaida ya tarakimu 15. Haionyeshi mnyama yuko wapi. Inasomwa kwa kifaa, na namba isiyosajiliwa kwa jina na simu yako ya sasa haimsaidii mtu. Ukibadilisha simu, badilisha na usajili siku hiyo hiyo.

Akipotea, mtafute paka karibu kwanza: chini ya magari, darini, nyuma ya mapipa ya jirani. Wengi huwa ndani ya mita 500 kutoka nyumbani, wamejificha kimya na hawaitiki hata wakiitwa na mwenyewe. Toka usiku na tochi, ufuate mng'ao wa macho. Nenda kituoni mwenyewe na picha, urudie kila baada ya siku 2. Kwa simu, "mbwa wa kahawia, wa kadiri" ni mbwa ishirini.

Ukiwakuta watoto wa paka

Nia njema hapa huongeza msongamano kuliko watu wanavyodhani. Mtu husikia sauti, huona watoto 4 kwenye boksi, huwabeba mbio hadi kituoni, na mama yao alikuwa ameenda kutafuta chakula. Sasa kituo kina watoto wanaohitaji kunyonyeshwa kwa chupa usiku na mchana, na mama bado yuko nje, hajahasiwa, akijiandaa kwa uzao mwingine.

Simama mbali, mita 10 au zaidi, uwatazame. Watoto wasafi, wenye matumbo ya mviringo, waliolala wamelaliana, wana mama. Ikiwa huwezi kukaa, nyunyiza unga mwembamba kuzunguka walipolala, mduara kamili, uondoke kwa saa kadhaa. Ukirudi ukakuta alama za nyayo zinaingia na kutoka, mama anakuja. Waache naye hadi waanze kula wenyewe, kisha panga kuwachukua wote pamoja na mama wahasiwe.

Wasiosubiri ni hawa: waliopoa mwilini, wanaolia mfululizo, wachafu, wenye nzi, au walio pahali pa hatari. Kwao fuata mpangilio huu bila kuubadilisha.

Kwanza joto, chakula baadaye. Mtoto aliyepoa hawezi kusaga maziwa. Ukimnywesha yanachacha tumboni au yanaingia mapafuni. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa taulo, umlaze kando yake mahali anapoweza kusogea mbali akiona joto limezidi. Wiki ya kwanza mazingira yake yawe nyuzi 29 hadi 32. Mguse ndani ya mdomo kwa kidole: ukihisi ubaridi, bado.

Kisha maziwa ya unga ya watoto wa paka. Ya ng'ombe huwaharisha, na kuharisha humkausha mtoto wa gramu 100 ndani ya siku moja. Mlaze kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa huteleza kwenye njia ya hewa. Mlo mmoja usizidi mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake. Wiki ya kwanza alishwe kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Wiki ya pili kila saa 3 au 4. Kila baada ya mlo, msugue taratibu sehemu za siri kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Hawezi mwenyewe mpaka afike wiki 3 hivi.

Mpime kila siku saa ile ile kwa mizani ya jikoni. Aongezeke gramu 10 hadi 15 kwa siku. Akikaa siku nzima bila kuongezeka, muulize daktari, akipungua, mpeleke.

Umri unausoma machoni na mdomoni: macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, meno ya mbele huchomoza wiki ya 3. Umri huu ni muhimu kwa sababu paka huzoea watu vizuri zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 7. Aliyeshikwa, kupakatwa na kuchezewa kila siku katika wiki hizo hupata nyumba upesi. Aliyekosa anaweza kukaa kituoni miezi.

Kundi la paka wa mtaani

Ukiwalisha, una wajibu nao. Kuwafukuza au kuwahamisha hakusaidii: mradi chakula na jalala vipo, wengine watahamia. Njia inayopunguza idadi ni kuwanasa, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha pale pale.

Walishe saa ile ile kila siku kwa wiki 1 hadi 2, na uwahesabu kwa rangi na alama. Weka miadi ya upasuaji kabla ya kuweka mtego; paka aliyenaswa bila miadi atakaa kwenye mtego siku nzima bure. Ondoa chakula saa 24 kabla ya siku ya kunasa, maji yabaki. Tandika gazeti ndani ya mtego, weka samaki mwenye harufu kali mwisho kabisa, nyuma ya kibao cha kukanyaga. Mlango ukishuka, funika mtego mzima kwa shuka nzito mara moja. Gizani paka hutulia. Pasipo shuka hujigonga kwenye nyaya mpaka pua itoke damu. Usiutie mkono ndani. Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Mwombe daktari akate ncha ya sikio la kushoto, chini kidogo ya sentimita 1, paka akiwa bado kwenye nusukaputi. Alama hiyo huonekana kwa mbali na humwokoa jike asifanyiwe upasuaji mara ya pili. Dume arudishwe baada ya saa 24 hivi, jike akae kidogo zaidi. Anayenyonyesha akiwa amenaswa na kuhasiwa, arudi mara tu anapozinduka kabisa, maana watoto wake wanamngoja. Kazi ya nusu haizai matunda: ukihasi 3 kati ya 10, waliobaki watajaza pengo ndani ya miezi. Lenga wote, ukianza na majike.

Ukiona huwezi kuendelea kumfuga

Chunguza kwanza kama tatizo lina tiba. Paka anayekojoa nje ya sanduku la mchanga anaweza kuwa na maumivu ya kibofu. Dume anayechuchumaa bila mkojo kutoka ni wa kukimbizwa kwa daktari saa hiyo. Kama ni mzima, hesabu masanduku: idadi ya paka, ongeza moja. Mbwa anayetafuna kila kitu mara nyingi anashinda peke yake amefungwa.

Ikiwa hakuna njia, mtafutie nyumba wewe mwenyewe akiwa bado kwako, asichukue nafasi kituoni. Mhasi na umchanje kabla ya kumtangaza. Piga picha mchana, ukiinama hadi usawa wa macho yake. Andika ukweli wote: kama anang'ata wageni, kama haelewani na paka. Ukificha, atarudishwa, na kila kurudishwa kunamwongezea hofu. Usitangaze "bure, aje yeyote". Uliza atalala wapi, nani atabaki naye, mwenye nyumba ameridhia, wanyama wa mwanzo walikwenda wapi. Mtembelee. Mkubaliane wiki 2 za majaribio.

Kituo kiwe cha mwisho, na upige simu kwanza uulize siku yenye nafasi. Usimfunge getini usiku. Mnyama asiye na historia hujaribiwa na kuchunguzwa upya kwa kila kitu, na siku hizo zote ni banda. Peleka ukurasa mmoja: umri, chanjo na tarehe zake, anachokula, anachokiogopa, amezoea watoto au la, maneno anayoyaelewa. Ukurasa huo unaweza kumpunguzia wiki nzima.

Kama una nafasi ya mmoja

Chukua mzima badala ya mtoto ikiwa unaweza. Watoto huchukuliwa haraka, wazima ndio wanaokaa. Mtenge na wanyama wako siku 14, kwa vyombo vyake mwenyewe, maana ugonjwa wa kituoni unaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa. Usimhukumu kwa siku za mwanzo: wengi hujificha, hawali vizuri, hawachezi.

Kama huwezi kumchukua moja kwa moja, omba kumlea kwa muda. Kinachohitajika ni chumba kinachofungwa, mizani, matandiko yanayofulika, na namba ya daktari wa kituo. Watoto wa paka wa wiki 4 waliotoka kwenye banda lililojaa wakilelewa kwako kwa wiki 4 huepuka virusi kabla chanjo zao hazijashika, na banda lao linapokea wengine siku hiyo hiyo. Wapime kila Jumamosi. Wakifikisha kilo 1 wanaweza kufanyiwa upasuaji, na ndio wakati wa kuwarudisha: wahasiwe wakiwa mikononi mwa kituo, kabla mtu yeyote hajasaini kuondoka nao.